Chebunyo: Kuchora Miradi ya Maendeleo ni Kazi, na Ina Taratibu Zake

Mnamo Septemba 2011, ugonjwa wa mahindi ambao haukuwa umewahi kuripotiwa nchini Kenya uligunduliwa Longisa, hapa Bomet. Majani machanga yaliingia madoadoa ya manjano, yakakauka kutoka ukingoni kuelekea ndani, na mabua yaliyobaki yamesimama yakabeba magunzi madogo yenye punje chache au yasiyo na punje kabisa. Ndio ugonjwa ambao wakulima wanaujua hadi leo kwa herufi tatu, MLN. Kufikia mwaka uliofuata ulikuwa umeingia Chepalungu na kuvuka hadi Narok.

Ujumbe ambao wakulima walihitaji kupata haukuwa mrefu. Ng'oa mmea ulioambukizwa. Usipande mahindi juu ya mahindi. Shamba lipumzike kwa kupandwa zao lingine. Nunua mbegu iliyoidhinishwa. Ugumu ulikuwa mahali pengine: mkulima atajuaje kwamba manjano anayoyaona ni ya MLN? Mahindi yaliyokosa naitrojeni pia huwa manjano. Tofauti ni kwamba njaa ya mbolea huanzia majani ya chini yaliyozeeka, manjano yakiingia kutoka nchani na kufuata mshipa wa katikati, ilhali MLN huonekana kwenye majani machanga. Anayeng'oa mahindi yenye njaa ya mbolea amepoteza chakula ambacho kingeokolewa. Anayemwaga mbolea kwenye mahindi yenye MLN amepoteza pesa na kuwaachia majirani ugonjwa.

Tofauti hiyo ni vigumu kuieleza kwa maneno kwenye baraza. Inahitaji picha mbili, moja kando ya nyingine, kwa rangi. Karatasi hiyo ikipelekwa saiba kutolewa nakala kwa wino mweusi pekee, jani la manjano na jani la kijani huwa kijivu kimoja, na mkulima anabaki na kikaratasi kisichomwambia chochote. Mtu ambaye kazi yake ni kuliona tatizo kama hilo kabla karatasi haijachapishwa anaitwa mbunifu wa michoro, na vijana wengi wa wadi ya Chebunyo wenye simu nzuri au kompyuta ndogo wanaweza kuifanya kazi hiyo wakiwa nyumbani. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe ilivyo, nani huitoa, huchorwa vipi ili ieleweke, na mchoraji hulipwaje.

Ni kazi gani hasa?

Mbunifu wa kujitegemea hana mwajiri mmoja. Hupokea kazi moja moja kutoka kwa chama cha ushirika, shirika lisilo la serikali, idara ya serikali au kampuni, huifanya kwa bei na muda waliokubaliana, kisha huenda kwa mteja mwingine. Katika miradi ya maendeleo endelevu, yaani ile inayokusudiwa kuwafaa watu leo bila kuharibu ardhi, maji na misitu ya watakaokuja, kazi hiyo huwa ni mabango ya mafunzo, vipeperushi, vijitabu vya wakulima, ramani za vyanzo vya maji, vibao vya miradi, michoro ya ripoti, na siku hizi picha za kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Wengi wanazijua alama 17 za rangi za Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015. Alama hizo zilibuniwa na Jakob Trollbäck, mbunifu kutoka Uswidi. Malengo yenyewe yameandikwa kwa lugha ya wanadiplomasia, lakini bakuli linalofuka mvuke linatosha kumwonyesha mtoto wa shule kwamba lengo la pili linahusu njaa. Mashirika huruhusiwa kuzitumia alama hizo kwa kuelimisha umma bila kuomba kibali. Anayetaka kuzitumia kwa biashara au kwa kuchangisha pesa lazima aombe. Wabunifu wachanga hulisahau hilo, wakaziweka kwenye fulana za kuuza.

Nchini Kenya mfano unaojulikana zaidi ni Shujaaz, jarida la katuni lililoanza mwaka 2010, likasambazwa bila malipo na kuandikwa kwa Sheng. Ndani ya hadithi zake za vijana mlikuwa na mafunzo ya kilimo, biashara ndogo na afya, na mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kilichofanya kijana asome kuhusu kufuga kuku ni kwamba aliyechorwa alikuwa kijana anayemfahamu, aliyevaa kama yeye na kuongea kama yeye.

Nani anahitaji michoro hii

Wapo wateja ambao kisheria hawana budi kuwaeleza wananchi. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za miradi kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi abandike mabango mahali pa umma karibu na eneo la mradi, atoe ilani gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathiriwa. Wataalamu wanaofanya tathmini hizo ni wanasayansi wa mazingira, na ni wachache wanaojua kuchora. Bango lao mara nyingi huwa ukurasa wa ripoti uliokuzwa: aya ndefu, herufi ndogo, ramani isiyo na jina la mto wala la shule. Mkazi hupita na kwenda zake, naye mwenye mradi husema alibandika. Mbunifu anayejua kuonyesha kwenye ramani ya kawaida mahali ambapo bwawa litachimbwa, maji yatatoka wapi na njia ya ng'ombe itakatwa wapi, ana huduma ya kuwauzia wataalamu hao.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inazitaka kaunti zitumie vyombo vinavyowafikia wengi, na inataja mbao za matangazo miongoni mwa njia za kuwashirikisha wananchi. Mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi, FLLoCA, hufanya kazi kupitia kaunti na kamati za wadi. Kamati kama hizo hukaa na wanakijiji kuorodhesha hatari za ukame, mafuriko na mmomonyoko, na matokeo yake yanahitaji kurudishwa kwa wanakijiji hao katika sura wanayoweza kuisoma na kuisahihisha.

Nje ya serikali kuna vyama vya ushirika vya maziwa, mashirika ya maji, shule, na viwanda vya chai. Kericho na Bomet zinajulikana kwa majani chai, na viwanda vinavyohudumia wakulima wadogo huhitaji mafunzo ya kuchuma, kutumia dawa kwa usalama na kutunza kingo za mito ili kupata au kudumisha vyeti vya kilimo endelevu. Chebunyo yenyewe iko upande wa chini, ulio mkavu zaidi, ambako ng'ombe na mahindi ndiyo maisha. Si hoja ya kumzuia mchoraji wa Chebunyo kumchorea mteja wa Konoin au wa Kericho mjini. Kazi hutumwa kwa intaneti. Ila afike huko angalau mara moja, kwa sababu atakavyochora mtu anayechuma chai akiwa hajamwona akichuma, wachumaji watajua kabla ya kufika mstari wa pili.

Na kuna Mto Mara. Nyangores na Amala hutoka Mau, hupita kaunti hii na kukutana kuwa Mara, unaokwenda hadi Serengeti na Ziwa Viktoria. Kila mwaka tangu 2012, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara tarehe 15 Septemba, na maadhimisho kama hayo huwa na maonyesho, mabango na vijitabu.

Kuchora ili mtu aelewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nyingi huharibika.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba picha humsemea kila mtu jambo moja. Mwaka 1963 mtafiti Alan Holmes alichapisha uchunguzi kuhusu jinsi watu wa Kenya walivyoelewa alama za picha, wakati ambapo mabango ya afya na kilimo yalikuwa yakichorwa kwa mazoea ya Ulaya. Miaka michache kabla ya hapo Marie Neurath, mbunifu wa London, aliajiriwa na serikali ya Magharibi mwa Nigeria chini ya Chifu Obafemi Awolowo kutengeneza vijitabu vya elimu, afya na kilimo. Alikuwa bingwa wa michoro rahisi iliyoaminika kusomwa popote duniani. Alipofika Nigeria alilazimika kubadilisha watu, mavazi na nyumba katika michoro yake ili wasomaji wajione ndani yake.

Mbunifu wa Chebunyo ana nafasi nzuri kuliko Bi Neurath, kwa kuwa tayari anakaa na wasomaji wake. Anajua kwamba maziwa ya nyumbani huwekwa kwenye sotet, kibuyu cha mursik, na kwamba kuchora kibuyu hicho kwenye bango la usafi wa maziwa kutamfanya mama asimame asome. Anajua mkulima hupima mahindi kwa gorogoro na hupima mbolea kwa kifuniko cha chupa ya soda, si kwa gramu. Akichora kifuniko hicho kando ya shimo la mbegu, amemaliza maelezo.

Bado lazima aujaribishe mchoro wake. Chukua bango linaloeleza kwamba ng'ombe akitibiwa kwa dawa ya kuua viini, maziwa yake yasipelekwe kwenye kipozeo hadi siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe. Mchoraji wa haraka atachora sindano, ng'ombe, kisha majua matatu mfululizo kuwakilisha siku tatu. Msomaji mmoja ataona siku tatu. Mwingine ataona kiangazi kikali. Wa tatu ataona kwamba dawa ichomwe mara tatu, na huyo ndiye atakayeleta hasara, kwa ng'ombe wake na kwa wanywaji wa maziwa. Dawa ikichanganyika kwenye kipozeo, haitenganishwi tena. Maziwa ya wanachama wote yamo humo. Tena siku za kungoja hutofautiana kutoka dawa hadi dawa, kwa hiyo bango linalochora siku tatu linaweza kuwa la uongo kwa dawa ya siku tano. Afadhali kuchora daktari wa mifugo akiandika idadi kwenye kadi inayotundikwa zizini, na kuacha nafasi ya kujaza idadi hiyo.

Namna ya kujaribisha ni rahisi na haigharimu zaidi ya nauli. Mchoraji huchapisha nakala moja moja, huenda asubuhi mahali ambapo maziwa hupokelewa, au dukani kwa agroveti, na kumwonyesha mtu mmoja kwa wakati mmoja. Haulizi, "Umeelewa?" Mzee atajibu ndiyo kwa heshima, hata kama hajaelewa, na kijana atajibu ndiyo asionekane mshamba. Swali ni, "Unaona nini hapa?" Kisha, "Mtu huyu anafanya nini?" Kisha, "Wewe ungefanya nini?" Majibu yote huandikwa kama yalivyosemwa. Watu kumi au kumi na watano hutosha kuonyesha mahali picha inapokosea. Wakiwemo wanawake, wazee, na angalau wawili watatu wasiojua kusoma. Kumkusanya kila mtu kwenye kikundi hakusaidii, kwa kuwa wa kwanza kujibu huwajibia wote.

Yapo mambo ambayo majaribio ya aina hii huyafichua mara nyingi. Mkono uliokatwa kwenye kiganja ili kuonyesha kunawa huwashtua watu. Mdudu aliyekuzwa ukubwa wa paka huonekana kuwa mdudu wa kwingine, kwa hiyo achorwe kwa ukubwa wake halisi juu ya jani au kando ya punje ya mahindi, na aliyekuzwa awe pembeni. Alama ya mkasi au ya msalaba mwekundu juu ya kitu haielezi kwa nini kitu hicho kimekatazwa. Katika bango la usafi wa maziwa, mtungi wa plastiki uliopigwa msalaba humwambia mkulima asiubebe, lakini hajui abebe nini; uwekwe mkebe wa alumini kando yake, ukiwa mkubwa zaidi kuliko mtungi uliokatazwa. Mpangilio wa picha pia ni suala: anayesoma huenda kutoka kushoto kwenda kulia, asiyesoma hutazama picha kubwa kwanza. Namba kubwa, 1, 2, 3, husaidia kwa sababu karibu kila anayeshika pesa anazijua namba.

Rangi zina siasa zake. Mwaka wa uchaguzi, bango la chanjo lililochorwa kwa rangi za chama fulani husomwa kuwa la chama, na wa chama kingine hawatalikaribia. Mchoraji mwenye busara huepuka mchanganyiko huo hata kama mteja anaupenda.

Kuhusu lugha, Katiba imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na inaitaka serikali ikuze lugha za wananchi. Kwa Chebunyo hilo lina maana ya Kiswahili na Kipsigis pamoja. Mwenye kuchora asiwaamini watafsiri wa mashine. Ampe maandishi mtu anayeandika Kipsigis vizuri, kisha ayasome kwa sauti mbele ya wazee. Na aangalie programu isimle herufi: jina la wadi jirani ya Kong'asis lina kibainishi ndani yake, na si mara moja kibainishi hicho kimegeuka alama ya ajabu au kupotea kati ya kompyuta na mashine ya kuchapisha.

Kutoka kompyuta hadi ukutani

Vifaa si lazima viwe vya bei ghali. Inkscape kwa michoro ya mistari, GIMP kwa picha na Scribus kwa kupanga kurasa ni programu za bure zinazofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Canva hutumika hata kwa simu, ingawa anayeitegemea peke yake ataona kazi yake inafanana na ya kila mtu, na ng'ombe wake atakuwa ng'ombe wa Ulaya. Penseli na karatasi bado ndio mwanzo bora; mchoro hupigwa picha kwa simu na kumaliziwa kwenye kompyuta.

Mashine ya kuchapisha inataka mambo machache ambayo simu haitaki. Picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi kwa ukubwa itakaochapishwa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp huwa imepunguzwa na itatoka na ukungu. Rangi ziandaliwe kwa wino nne za uchapishaji, kwa sababu kijani kinachong'aa kwenye skrini hakipo kwenye wino. Ukingo uongezwe milimita 3 pande zote ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe. Nembo na michoro ya mistari ihifadhiwe kama vekta, ikuzwe hadi ukubwa wa ukuta bila kuharibika.

Kisha kuna jua. Bango la karatasi lililobandikwa nje hupoteza wekundu na manjano kwanza, ndiyo maana mabango ya zamani madukani yamebaki na rangi ya samawati. Onyo lililoandikwa kwa herufi nyekundu litatoweka kabla ya msimu kuisha. Liandikwe kwa nyeusi juu ya mandhari nyeupe au ya manjano. Kwa ujumbe wa kudumu, kama ratiba ya kipozeo cha maziwa au kanuni za kisima, ukuta uliopakwa rangi ya mafuta unashinda karatasi, na mafundi wa kuandika kwenye kuta za maduka wapo karibu kila soko. Mbunifu huchora, fundi huhamisha ukutani kwa mistari ya miraba. Wote wawili wamepata kazi.

Mabango ya plastiki ya mikutano yana kasoro inayogusa mada yenyewe. Mradi wa kutunza mazingira unaotengeneza turubai jipya kwa kila mkutano wa saa tatu umejiongezea takataka. Wakazi hawatupi, bila shaka. Turubai hizo huishia kufunika nyasi za ng'ombe na kuzuia paa lisivuje, na waziri fulani akabaki akitabasamu juu ya banda la kuku. Lakini bango lisiloandikwa tarehe wala jina la mgeni wa heshima linaweza kutumika miaka mitatu. Mbunifu ndiye mtu wa kumshauri mteja hivyo, hata kama atapoteza kazi moja ndogo.

Bei, mkataba na kodi

Wanaoanza huuliza bei ya bango. Swali linalofaa ni siku ngapi. Chukua mfano wa chama cha ushirika kinachotaka mabango matatu na kijitabu cha kurasa 8 kuhusu usafi wa maziwa. Kuzuru wakulima ni siku 1, kuchora siku 3, kujaribisha siku 1, kurekebisha siku 1, kuandaa faili za mchapishaji siku 1: jumla siku 7. Kwa Sh4,000 kwa siku, ada ni Sh28,000, na nauli, data na nakala za majaribio huandikwa kando. Huo ni mfano wa hesabu tu, si kiwango rasmi. Faida ya kuhesabu hivi ni kwamba mteja akisema bei iko juu, mchoraji anaweza kumuuliza ni siku ipi iondolewe. Ajihadhari tu mteja asiondoe siku ya kujaribisha, ambayo ndiyo huonekana haina maana na ndiyo inayookoa pesa za uchapishaji.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: kazi ni ipi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei (mawili ni ya kawaida), tarehe, nani analipa uchapishaji, malipo ya kwanza ni kiasi gani. Kudai nusu kabla ya kuanza si ukosefu wa adabu. Kwa ofisi za umma, kazi ianze baada ya kupata hati rasmi ya kuagiza huduma. Ahadi ya mdomo, hata ya afisa mkubwa, hailipwi na hazina. Na ni vyema kusema wazi kwamba malipo ya serikali huweza kuchukua muda, kwa hiyo mwenye mteja mmoja tu wa serikali na kodi ya nyumba ya kulipa kila mwezi atapata shida.

Kwenye ada za kitaalamu zinazofika Sh24,000 kwa mwezi, mlipaji hukata asilimia 5 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru. Katika mfano wa hapo juu, mchoraji atakatwa Sh1,400. Si pesa zilizopotea: huhesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa anapowasilisha ripoti yake ya mwaka, mradi adai cheti chake. Wateja pia wataomba ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi kupunguza kodi yao. Kijana asiyeweza kuitoa huachwa hata kama michoro yake ni bora.

Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Kijana ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 35. Cheti hutolewa bila malipo na Hazina ya Kitaifa baada ya kusajili biashara na kuwa na cheti cha kutimiza kodi. Anayeuza cheti hicho ni tapeli. Wanaotaka mafunzo ya kufanya kazi mtandaoni wanaweza kuanzia kwenye mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016. Masoko ya nje kama Fiverr yapo wazi, ingawa Fiverr hukata asilimia 20 ya mapato ya muuzaji, na ushindani wake ni wa dunia nzima. Hakuna mtu wa Manila au Lahore anayeweza kwenda kwenye kipozeo cha Chebunyo asubuhi kumuuliza mama anaona nini.

Mchoro ni wa nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama pande zote zimekubaliana vingine. Wachoraji wengi hudhani ni kinyume. Anayetaka kubaki na michoro yake, au kuitumia tena kwa mteja mwingine, au kuionyesha kwa anaotaka kazi kwao, aiandike hivyo kwenye mkataba kabla ya kuanza. Haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyechora hubaki yake. Kwa upande wa jamii, ni busara chama au wadi idai faili zinazoweza kuhaririwa, si picha ya mwisho pekee. Bila faili hizo, kubadilisha namba moja ya simu mwakani kutamaanisha kuchora upya.

Picha za watu zina sheria yake pia, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kumpiga mama picha akikamua na kumweka kwenye bango bila idhini yake ni kosa, na kwa mtoto idhini ni ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mchoro wa mkono huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Nembo za serikali, za kaunti na za mashirika ya vyeti hutumiwa kwa ruhusa ya wenyewe.

Wakazi nao wana lao la kufanya. Bango la mradi likibandikwa lisieleweke, mkazi anaweza kuuliza ofisi husika kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Anaweza pia kumwambia msimamizi wa wadi mdomo kwa mdomo, jambo ambalo mara nyingi huwa haraka zaidi.

Kwa kijana anayetaka kuanza, mabango mawili matatu aliyoyachora mwenyewe na kuyajaribisha, pamoja na karatasi ya majibu ya watu kumi, yatamfaa zaidi mbele ya mteja kuliko orodha ya programu anazozijua. Achague jambo la karibu: MLN kando ya njaa ya mbolea, mkebe wa alumini, kadi ya ng'ombe aliyetibiwa, njia ya maji kutoka Mau hadi Mara. Mwenye nia ya kuchora kwa ajili ya Siku ya Mara aanze kuzungumza na waandalizi kufikia Juni, kwa sababu kuanzia Agosti wachapishaji wana foleni na hakuna muda tena wa kumwonyesha mtu yeyote mchoro na kumuuliza anaona nini.